ILIMU YA MTO NI FARDHI YA NANI?

Kijana mmoja wa kata yetu ya Kinakomba alipomaliza masomo yake ya sekondari aliulizwa na wazee, baada ya sala ya Ijumaa, angependa kusomea nini. Akajibu kwa adabu kwamba angependa kusomea ilimu ya ardhi oevu, yaani mabwawa, vinamasi, misitu ya kandokando ya mto, na viumbe vinavyoishi humo. Waliokuwapo wakacheka. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, matope tunayo tele hapa nyumbani. Mtu haendi Chuo Kikuu kusomea matope." Kijana akainamisha kichwa, na mazungumzo yakageukia udaktari, uwakili na kazi za Arabuni.

Sisi wa halaka hii tulikuwapo, na twakiri kwamba na sisi tulicheka. Lakini usiku tulipokutana kwa darsa yetu, mmoja wetu aliuliza swali lililotunyamazisha sote. Alisema: Ikiwa tunacholima, tunachovua na tunachochunga chote chatoka katika matope hayo, ni nani miongoni mwetu ayajuaye? Na ikiwa hakuna, je, tumesalimika na lawama?

Swali hilo tumelizungusha kwa majuma kadhaa, na leo twaliweka mbele ya ndugu zetu wasomaji, kwa kuwa twaona si swali la ajira peke yake. Ni swali la amana.

Kwanza natulijue jambo lenyewe. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Wakaribia kilomita 1,000 tangu chemchemi zake za Mlima Kenya na milima ya Aberdare hata Kipini, unapomwagika katika Bahari ya Hindi. Kwetu sisi mvua ni chache, na lau si mto nchi hii ingekuwa kichaka kikavu. Mvua inyeshayo huko juu ndiyo ilimayo mashamba yetu huku chini. Mara mbili kwa mwaka, majira ya masika na majira ya vuli, mto hufura, hupita kingo zake, hutandaa bondeni, kisha hurudi mahali pake. Ukirudi huacha tope jipya lenye rutuba, na mkulima hupanda mpunga katika mabonde yaliyolowa, na mahindi na migomba juu ya kingo. Ndiyo sababu wazee wetu wa Kipokomo waliyakata mashamba yao kwa urefu, kutoka ukingoni kwenda bondeni, ili kila nyumba ipate fungu katika kila aina ya udongo. Mwaka wa maji mengi chakula kilitoka juu, na mwaka wa maji machache kilitoka chini.

Maji hayo hayo huzama ardhini yakanywesha mizizi ya misitu. Hujaza maziwa yaliyoachwa na mto, samaki wakazaa humo. Hukuza nyasi za Garsen na za delta, ambako ng'ombe wa Waorma na Wawardei hukimbilia kiangazi kinapowaka bara. Na huko mwisho kabisa huisukuma bahari, isipande kuja kuyachoma mashamba kwa chumvi. Hii ndiyo maana ya ardhi oevu. Ni mahali ambapo maji huja na kuondoka kwa wakati wake, na uhai wote wa mahali hapo hutegemea wakati huo.

Basi mtu akiugusa wakati huo amegusa kila kitu. Na wakati huo umeguswa. Kati ya mwaka wa 1968 na mwaka wa 1988 yalijengwa huko juu mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, ndilo ghala kubwa la maji kuliko yote manne mengine. Bwawa huzuia maji ya mafuriko ili yatumike wakati wa ukame, na pia huzuia tope lililokuwa likishuka kuja kwetu. Sehemu kubwa ya maji wanywayo watu wa Nairobi nayo yatoka katika mito ya bonde hili la Tana. Hatusemi kwamba umeme ni uovu, wala kwamba watu wa Nairobi wafe kwa kiu. Twasema kwamba kila bwawa na kila bomba ni hukumu iliyokatwa juu ya wakati wa maji yetu, na hukumu hizo zilikatwa na watu waliokuwa na hesabu mikononi, wakati sisi hatukuwa na hesabu yoyote ya kuwajibu.

Sasa tuangalie yaliyotokea hapa chini, kwa watu walioujia mto bila ya kuujua vyema.

Mradi wa kumwagilia mashamba wa Hola ulianza mwaka wa 1953, na waliotiwa kazini humo walikuwa mahabusi wa wakati wa Mau Mau. Kumi na mmoja wao walipigwa hata wakafa tarehe 3 Machi 1959, na jambo hilo likaitikisa Serikali ya Kiingereza. Mradi ukaendelea baada ya uhuru. Lakini mwaka wa 1989 mto ulihama njia yake, ukaziacha pampu zikitazama mchanga mkavu. Mashamba yakafa, na ikapita miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Tena kuhama kwa mto huu si jambo geni. Katika karne ya 19 mfereji wa Belazoni ulichimbwa kuunganisha Tana na mto Ozi, na mto wote mwishowe ukaifuata njia hiyo, ndipo ukawa watokea Kipini.

Mradi wa Bura, ulioanza kupokea walowezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikula fedha nyingi za mkopo, na hata nusu ya hekta zilizopangwa haikufikiwa. Familia zilizoletwa huko zilihitaji kuni, na misitu ya mto ilikuwa karibu. Ili kuiokoa misitu, wataalamu wakaleta mti wa mathenge, wakaupanda Bura na Hola katika miaka hiyo hiyo. Leo kila mchungaji aujua mti huo kwa miiba yake: umefunga njia za mifugo, umeingia malishoni na ukingoni, na mwenye kuukata leo huukuta umechipua tena. Na huko delta, mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa maboma ya udongo yalivunjwa na mafuriko ya El Niño ya mwaka wa 1997 na 1998.

Hatutaji mambo haya ili kuwacheka wataalamu. Wengi wao walikuwa watu wenye nia njema na ilimu nyingi. Lakini ilimu yao ilikuwa ya kitabu kilichoandikwa mahali pengine, na aliyekuwa na khabari za mto huu, yaani mzee wa kijiji, hakuulizwa. Au aliulizwa, na maneno yake hayakuwa na mtu wa kuyageuza yakawa tarakimu na ramani. Kila upande ulikuwa na nusu ya ilimu, na hapakuwa na mtu wa kuzikutanisha nusu hizo mbili.

Na sisi tusijisifu. Mazoea yetu ni kusema kwamba wazee waujua mto, basi hatuna haja ya mwalimu. Ni kweli waliujua. Lakini mto walioujua ni mto usiokuwa na mabwawa. Mzee aliyefunzwa na babake kwamba maji yatakuja baada ya mwezi fulani, leo huona maji yasije, au yaje ghafla usiku kwa sababu mvua imezidi huko juu na mabwawa yamejaa. Ilimu yake haikuwa ya uwongo, ila kilichobadilika ni mto wenyewe. Na asiyejua kwa nini umebadilika hubaki akiwalaumu jirani zake, au akiulaumu mwaka. Je, twaweza kuiita hali hiyo ilimu?

Tulihudhuria siku moja baraza ambapo ripoti ya mradi mmoja ilisomwa. Ilikuwa nene kama msahafu, nayo yote kwa Kiingereza. Afisa aliyeileta alisema kwamba sheria imetupa haki ya kutoa maoni yetu, na kwamba atangoja. Ni kweli, sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 yataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari zake, na wananchi wasikilizwe. Lakini palikuwa kimya. Mmoja wetu akauliza kama kutakuwa na kazi kwa vijana. Mwingine akauliza habari za barabara. Hakuna aliyeuliza kina cha maji kitapungua kiasi gani wakati wa kiangazi, wala chumvi itapanda hadi wapi, wala samaki watazaa mahali gani. Hatukuuliza kwa kuwa hatukujua kwamba mambo hayo yalikuwa yameandikwa katika kurasa zile. Afisa akaandika kwamba wananchi wameshauriwa, nasi tukatia vidole vyetu. Haki tulipewa siku ile, na tukashindwa kuitumia.

Linganisheni hayo na yaliyotokea delta. Mwaka wa 2008 mradi mkubwa wa miwa ulipata idhini ya kulimwa katika ardhi ile. Wakulima, wafugaji na wavuvi, pamoja na watu wa hifadhi ya mazingira, wakasimama kuupinga. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na Februari 2013 mahakama ikaamuru kwamba mipango ya matumizi ya ardhi na maji ya delta itengenezwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Mpango ukatoka mwaka wa 2015. Hatudai kwamba matatizo ya delta yamekwisha. Twasema tu kwamba walioshinda walishinda kwa kuwa walikuwa na ushahidi: ng'ombe wangapi, samaki gani, ndege wangapi, maji kiasi gani. Na ushahidi huo uliandikwa na watu waliosomea matope.

Hapa ndipo twarudi kwenye neno la fardhi. Sote twajua maana ya fardhi kifaya. Akifa mtu katika mji, wakipatikana wa kumwosha na kumzika, wengine wote wamesalimika. Wasipopatikana, mji mzima una dhambi. Maulamaa hawakuifunga hukumu hiyo katika maiti na sala peke yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, aliuhesabu utabibu na hisabu kuwa ni fardhi kifaya, kwa sababu maisha ya watu hayasimami bila ya hizo. Naye alilalamika kwamba watu wa zama zake walisongamana katika fani zenye cheo, na huku miji mingine haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Ikiwa tabibu ni fardhi kwa sababu mwili wa mtu huharibika, basi ni ipi hukumu ya ilimu ya mto ambao miili yetu sote yala kutokana nao? Wanafikihi wetu wa kale waliandika milango mizima juu ya harimu ya kisima na ya mto, yaani kiasi cha ardhi kandokando yake kisichofaa kujengwa wala kumilikiwa, na juu ya hima, yaani malisho yaliyowekewa ulinzi kwa maslaha ya wote. Hawakuyaona mambo haya kuwa ni upuuzi. Sisi tunaosoma vitabu vyao ndio tuliocheka.

Sasa twajua kwamba wako watakaotupinga, na wana haki ya kujibiwa.

Wa kwanza atasema: Kazi hiyo haina mshahara. Mtoto akirudi na shahada ya vinamasi, nani atamlisha? Jawabu yetu ni kwamba khofu hii si ya bure. Nafasi ni chache, na nyingi ni za mikataba mifupi inayofuata fedha za wafadhili. Twamwambia mzazi ukweli huo, wala hatutaki kumdanganya. Lakini kazi zipo, tena ni za ngazi nyingi. Wapo wanaopima maji ya mto na visima, na Chuo cha Maji cha Kenya kilichoko Nairobi hutoa mafunzo ya namna hiyo. Wapo walinzi na watafiti wa wanyama na misitu, ambao wengi hufunzwa Naivasha. Wapo wataalamu wa samaki na wa mikoko katika taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyoanzishwa mwaka wa 1979 na yenye makao Mombasa. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, si mbali na kwetu. Na Chuo Kikuu cha Egerton kimeshirikiana na vyuo vya Vienna na Delft katika kufundisha shahada ya pili ya maji ya bara na uangalizi wa ardhi oevu. Serikali za kaunti nazo zahitaji watu wa kusoma ramani na ripoti kabla ya kutia saini. Kijana asiyefika Chuo Kikuu aweza kuwa msomaji wa kipimo cha mto, au mhesabu wa ndege, au msaidizi wa mtaalamu wa miti, na wengi walioheshimika katika fani hii walianza hivyo. Hatusemi kwamba kila mtoto aende huko. Tabibu na mwalimu twawahitaji pia. Lakini kata nzima, na bonde zima, likose hata mmoja?

Wa pili atasema: Watu wa hifadhi huwapenda kima kuliko binadamu. Neno hili lina chanzo, wala hatutalifunika. Katika misitu ya mto, kati ya Hola na Garsen, waishi kima wa aina mbili wasiopatikana kwingineko duniani, mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana. Kwa ajili yao ilitangazwa hifadhi mwaka wa 1976. Miaka ya 1990 ukaja mradi wa kuwahamisha watu, ukaleta uchungu na mgawanyiko. Na mwaka wa 2007 Mahakama Kuu iliona kwamba hifadhi ile haikuwekwa kwa mujibu wa sheria. Basi kosa lilikuwa wapi? Kujua idadi ya kima si kosa. Kosa ni kuwajua kima bila ya kuwajua watu waliokaa nao katika msitu mmoja tangu zama. Na dawa ya kosa hilo ni kwamba anayewahesabu kima awe ni mtoto wa nyumba zile, amjue mbega kwa jina la kwao na ajue pia kaburi la babu yake liko chini ya mti upi.

Na tusidhani kwamba kiumbe mdogo wa kinamasini hana maana kwetu. Yuko ndege mdogo wa matetení ambaye huzaa katika mabwawa ya Iraq, upande wa Basra, na kwa jina la mji huo ajulikana. Ikifika baridi huko, huruka kuja Afrika Mashariki, na delta yetu ya Tana ni mojawapo ya makao yake. Katika miaka ya 1990 serikali ya Iraq ya wakati ule iliyakausha mabwawa hayo kwa mifereji na maboma, na Waarabu wa mabwawani, waliokaa humo vizazi kwa vizazi, wakatawanyika. Mwaka wa 2003 serikali ile ilipoanguka, wenyeji wenyewe waliyabomoa maboma na maji yakaanza kurudi. Miongoni mwa waliosimamia kurudi kwake ni Azzam Alwash, mhandisi aliyekuwa amekaa Marekani miaka mingi. Babake alikuwa mhandisi wa maji katika nchi ile, na alikuwa akimchukua mabwawani angali mtoto. Mtu huyo aliacha kazi yake ya ughaibuni akarudi kwao, na mwaka wa 2013 akapewa tuzo ya Goldman kwa kazi hiyo. Wenyeji walikuwa na majembe na mapenzi. Yeye alileta hesabu ya maji. Bila ya wote wawili, ndege yule angekosa pa kurudi, na watu vile vile.

Wa tatu atasema: Mabinti hawafai kwa kazi ya matopeni. Huyu twamuuliza: Ni nani apandaye mpunga katika matope hayo? Ni nani atekaye maji alfajiri, akajua kabla ya mwanamume yeyote kwamba leo yamekuwa na ladha ya chumvi? Aliye karibu zaidi na jambo ndiye aliye tayari zaidi kufunzwa.

Hayo ni rahisi kuyajibu. Liko jambo moja gumu, na kwa ajili yake ndipo tumeandika makala haya.

Tuseme kijana wetu amekwenda, amesoma, na amerudi kuwa afisa. Tumemchangia nauli na ada. Siku moja anasimama barazani na kusema: Nimepima. Ukingo huu umebomoka kwa sababu tumeufyeka msitu wake ili tupande hadi majini. Bwawa la huko juu lina lawama yake, na sisi tuna yetu. Au anasema: Malka hii, njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni, ni ya wafugaji kwa haki, nimeiona katika ramani za zamani na katika maneno ya wazee wa pande zote mbili, na shamba tulilolifungua juu yake latupasa tuliondoe. Je, tutamsikiliza? Au tutasema kwamba tumemsomesha mtoto wa watu wengine?

Ndugu zetu, tusilichukulie swali hili kwa wepesi. Mwaka wa 2012 delta yetu, hekta 163,600, iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kuhifadhi ardhi oevu uliotiwa saini katika mji wa Ramsar nchini Iran mwaka wa 1971. Ikawa ni mahali pa sita pa Kenya katika orodha hiyo. Na katika mwaka huo huo, tangu Agosti hadi mwanzo wa mwaka wa 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hiyo hiyo, Wapokomo na Waorma, na miongoni mwao wanawake na watoto. Siasa ilikuwamo, na silaha zilikuwamo. Lakini maji na malisho yalikuwamo pia, na kila upande ulikuwa na hakika kamili ya haki yake, bila ya shahidi ambaye pande zote mbili zamwamini. Waliouana walikuwa wamekunywa mto mmoja, na wengi wao walisali kuelekea kibla kimoja.

Kwa hivyo twasema kwamba fardhi hii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kumpeleka mtoto akasome. Nusu ya pili, na ndiyo nzito, ni kuukubali ushahidi wake atakaporudi. Tukimpeleka ili awe wakili wetu dhidi ya Waorma, au dhidi ya Nairobi, au dhidi ya wafadhili, basi hatukutafuta ilimu. Tumetafuta silaha mpya, nayo tutaitumia kama tulivyozitumia zile za zamani. Lakini tukimpeleka ili awe shahidi, lazima tuwe tayari kushitakiwa naye. Shahidi asiyeweza kusema neno dhidi ya baba yake hana thamani hata anapomtetea.

Na kijana mwenyewe ajue kwamba hiyo ndiyo amana yake. Atakaowakhofu si jamaa zake peke yao. Atakuja mwenye mradi na bahasha, akimwomba apunguze tarakimu moja. Atakuja mfadhili akitaka msitu uonekane umeharibika zaidi kuliko ulivyo, ili fedha zije. Au umepona zaidi kuliko ulivyo, ili ripoti ipendeze. Maji hayawezi kujisemea. Anayeyasemea akisema uwongo, hakuna atakayejua hadi siku mashamba yatakapokauka, na siku hiyo hakutakuwa na wa kumrudishia mwenye shamba chakula chake. Wizi wa namna hii hauna mlinzi ila khofu ya Mungu katika moyo wa anayepima.

Basi tufanye nini? Sisi wa halaka hii tumekubaliana mambo matatu, nayo ni madogo. La kwanza, tutaanza mfuko wa kumsaidia ada mvulana mmoja na msichana mmoja watakaosomea maji, samaki, misitu au ardhi oevu, kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba watatuambia kweli. La pili, tutakwenda na daftari kwa wazee wa Gasa, na kwa wazee wa Waorma wakituruhusu, na kwa jirani zetu Wakristo wa chini ya mto, tuandike walivyoujua mto: majina ya maji, majina ya udongo, malka zote na mahali pake, na miaka ya mafuriko makubwa tangu yale ya 1961. Wenye ilimu hiyo wapungua kila mwaka, na wakiondoka huondoka nayo. La tatu, tutawaomba walimu wa shule zetu wawape watoto zamu ya kusimika mti wenye alama ukingoni na kuandika kila asubuhi maji yamefika wapi. Kazi hiyo haina gharama. Baada ya miaka mitano, afisa mwingine atakapokuja na ripoti yake nene, kutakuwa na mtoto wa Kinakomba atakayefungua daftari lake na kumwuliza swali.

Ama kijana tuliyemcheka, tulimwendea nyumbani kwao juma lililofuata, tukamwomba radhi mbele ya babake. Babake alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza: "Mwaitaka ilimu yake, au mwataka awaunge mkono?" Hatukuwa na jawabu ya haraka. Tukamwambia kwamba twajifunza kuitaka ilimu yake. Akasema, "Basi ataomba nafasi, na nyinyi mtaomba subira."

Twamwomba Mwenyezi Mungu ampe yeye nafasi, na atupe sisi subira hiyo. Wabillahi tawfiki.